Malia, Krete: mbali na baa na muziki wa usiku, kuna nini cha kutazama?

1. Mlezi wa Leicester

Wana jukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza, na wenzangu wanne wa zamu wamekubaliana twende Malia, kisiwani Krete, kwa siku saba za mwezi Septemba. Tiketi na vyumba vimekwisha kulipiwa, kwa hiyo suala la kwenda au kutokwenda limeshapita. Nilipotafuta habari za mji huo nilikuta karibu kila anayeuzungumzia anaeleza barabara moja iteremkayo ufukweni, iliyojaa baa pande zote mbili, vijana waliolewa na muziki unaopigwa mpaka alfajiri. Mimi sinywi pombe, na baada ya mwaka mzima wa zamu za usiku ninachokitamani ni kulala usiku na kutembea mchana.

Dhana yangu, ambayo nitafurahi ikipingwa, ni kwamba mji uliojengwa kwa ajili ya walevi hauna la kumwonyesha mtu mwingine. Aliyefika huko anieleze kama nakosea. Natanguliza shukrani.

2. Kipepeo wa Mbezi

Dada, hukosei. Visiwa vya sherehe vyote vinafanana, na Malia ni kisiwa cha sherehe kama vingine. Chukua kitabu, kaa kando ya bwawa la hoteli, siku zitakwisha.

3. Mwalimu Mstaafu, Songea

Mleta mada, dhana yako naipinga kwa adabu, na nitaanza na ndugu Kipepeo. Malia si kisiwa. Ni mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Krete, kiasi cha kilomita 35 mashariki mwa Heraklion, mji mkuu wa kisiwa hicho, na Krete ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, chenye eneo linalozidi kilomita za mraba 8,300, yaani takriban Unguja tano.

Ukizipa mgongo baa hizo ukatembea kilomita tatu hivi kuelekea mashariki, unafika kwenye magofu ya kasri la Waminoa, watu wa kale wa Krete. Kasri la kwanza lilijengwa mnamo mwaka 1900 KK, likabomoka mnamo 1700 KK, likajengwa upya juu ya misingi ileile, kisha likateketea mnamo 1450 KK na halikuinuka tena. Kwa ukubwa hutajwa kuwa la tatu kisiwani, baada ya Knossos na Phaistos. Joseph Hatzidakis, Mgiriki, alianza kulichimbua mwaka 1915, na tangu miaka ya 1920 kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Shule ya Kifaransa ya Athens. Jina ambalo wenyewe waliuita mji wao halijulikani mpaka leo. Sisi tunatumia jina la kijiji cha jirani.

Kitu kinachonifanya nilipende kuliko Knossos, ingawa Knossos ndiyo inayopata wageni wengi, ni kwamba Malia haikujengwa upya. Kule Knossos Arthur Evans, Mwingereza aliyepachimbua, alimwaga saruji, akasimamisha nguzo na kuzipaka rangi nyekundu, hata mgeni hajui ni wapi anapomtazama Mminoa na ni wapi anapomtazama Evans. Malia imeachwa jinsi ilivyoonekana ilipotoka ardhini: ua mrefu wa katikati unaoelekea kaskazini na kusini, mitungi mikubwa inayokaribia kimo cha mtu, vizingiti vilivyolika kwa miguu, na mawe ambayo lazima uyapangie kuta kichwani mwako.

Ukifika, nenda kwenye kona ya kusini-magharibi ya ua huo. Kuna jiwe la mviringo lililolazwa sakafuni, lenye kipenyo cha sentimita 90 hivi. Ukingoni limezungukwa na vishimo 34, kimoja kikiwa kikubwa kuliko wenzake, na katikati kuna shimo pana zaidi. Huitwa kernos. Lilikuwa la kazi gani, wataalamu hawajakubaliana.

4. Baharia wa Kojani

Shikamoo, Mwalimu. Naongeza la njiani. Kutoka Heraklion kuna mabasi ya KTEL yanayopita pwani kupitia Hersonissos na Stalida mpaka Malia, na kituo chake hakiko mbali na bandari. Siku ya kwenda kasrini usimfuate mtu anayekwambia uende saa sita mchana, kwa sababu pale hakuna kivuli isipokuwa chini ya mapaa machache yaliyojengwa kuhifadhi magofu. Nenda asubuhi, ukitoka ushuke pwani ya Potamos iliyo jirani, ambako mchanga ni mpana na kelele za mjini hazifiki.

5. Mkulima wa Muleba

Ninashangaa hakuna aliyetaja ndizi. Malia inasifika Krete nzima kwa ndizi zake ndogo na tamu, na nje ya mji kuna mashamba mengi, mengi yakiwa chini ya nailoni kwa sababu majira yao ya baridi yangeiua migomba. Kwetu Kagera mgomba hauhitaji nyumba. Dada, uzionje, utuambie kama zinaifikia kisukari.

6. Kete Sitini na Nne

Mwalimu amelitaja jiwe hilo kana kwamba anapita tu, lakini mimi nimesimama hapo na siondoki. Jiwe la mviringo lenye vishimo 34 vilivyopangwa kwa hesabu, kimoja kikubwa kuliko vingine, limewekwa uani mahali ambapo watu hukaa. Mimi nacheza bao tangu nina miaka tisa, kwenye baraza la babu yangu Kilwa Masoko, na sioni kitu kingine ila ubao wa mchezo.

Nifafanue kwa wasiolijua bao. Ubao wetu una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mchezaji huchota kete za shimo moja, akazisambaza moja moja akizunguka. Mchezo wowote wa kuzungusha kete unaweza kuchongwa kwa duara, na huenda duara likawa umbo lake la asili kuliko mstatili. Kisha litazame lile shimo kubwa. Katika bao letu kila upande una shimo moja liitwalo nyumba, ambalo mafundi wengi hulichonga la mraba ili litofautiane na mengine, na lina sheria zake. Sisemi kwamba Waminoa walijifunza Kilwa. Ninasema kwamba mkono unaozoea kusambaza kete huutambua ubao unapouona.

7. Mwalimu Mstaafu, Songea

Ndugu Kete, hoja yako si ngeni, kwa kuwa wapo wataalamu walioandika kwamba jiwe lile ni la mchezo. Lakini Wafaransa waliolichimbua waliliita meza ya sadaka, na wana sababu yao. Wagiriki wa zama za baadaye walikuwa na chombo cha ibada kiitwacho kernos, chenye vikombe vidogo vingi vilivyounganishwa, ambamo walitia kidogo kidogo cha kila kitu kilichotoka shambani: ngano, shayiri, dengu, maharage, asali, mafuta. Jina la jiwe limetoka huko. Kwa maelezo hayo, kila kishimo kilipokea limbuko la zao moja.

Zaidi ya hayo, nyumba katika bao ni mbili, moja kwa kila mchezaji. Jiwe la Malia lina shimo kubwa la ukingoni moja tu. Mwenzako angecheza bila nyumba?

8. Mzaliwa wa Nakuru

Nikiwa mwanafunzi tulipelekwa Hyrax Hill, karibu na Nakuru, na pale kuna mbao za bao zilizochongwa juu ya mwamba wenyewe. Kwa hiyo akitokea wa kusema kwamba jiwe lisiloinuliwa haliwezi kuwa la mchezo, hoja yake haitakuwa na nguvu. Hata hivyo, yale ya Hyrax Hill yako katika safu, mtu akiyaona haulizi. Hili la duara linanitia shaka.

9. Karani wa Ghala

Mbona mnaliangalia jiwe bila kuangalia jirani zake? Kwenye kona ileile ya kusini-magharibi ya kasri, kwa nje, kuna majengo manane ya mviringo, safu mbili za manne manne, kila moja likiwa na nguzo katikati ya kushikilia paa. Hivyo ni vihenge. Mimi nimepokea mahindi ya wakulima kwa miaka 22, na ninajua kwamba penye vihenge vinane pana foleni, na penye foleni pana kitu cha kuhesabia. Dhana yangu ni kwamba jiwe lile lilikuwa la hesabu: vijiji au koo 34, kila mmoja na kishimo chake, na kokoto inatiwa kila mzigo unapoingia. Sina ushahidi wa kitabu. Nina ushahidi wa kazi.

10. Fundi Bomba wa Ilala

Karani, hata hivyo vihenge vyako havijakubaliwa na wote. Wapo wanaosema yale majengo manane yalikuwa matangi ya maji. Umbo la mviringo hustahimili msukumo wa maji kuliko kuta za kona, na kisiwa chenye kiangazi kirefu namna ile lazima kilihifadhi maji ya mvua. Waliochimba wengi wanaendelea kuyaita maghala ya nafaka, ninakiri. Ila mimi ningetaka kuona plasta ya ndani kabla ya kukubali.

11. Kipepeo wa Mbezi

Nashukuru kwa kusahihishwa kuhusu kisiwa. Lakini kama kasri hilo ni muhimu kiasi hicho, mbona halimo katika orodha ya UNESCO?

12. Mwalimu Mstaafu, Songea

Limo. Mwezi Julai 2025 vituo sita vya makasri ya Kiminoa viliingizwa kwa pamoja katika Urithi wa Dunia: Knossos, Phaistos, Malia, Zakros, Zominthos na Kydonia.

13. Baharia wa Kojani

Kabla mleta mada hajaondoka, namwomba asikodi ile pikipiki ya magurudumu manne wanayotembelea watalii. Mwaka mmoja meli yetu ilikaa Heraklion siku nne kwa matengenezo, tukaenda watatu mpaka Malia, tukakodi moja kwenye duka la kando ya barabara. Breki ya nyuma ilikuwa haishiki, na hatukuijaribu kabla ya kuondoka. Kwenye kona ya kwanza ya mlima tulitoka nje ya barabara na kuingia shamba la mizeituni. Namshukuru Mungu hatukupoteza mtu, lakini bomba la moshi liliniunguza shavu la mguu wa kulia, na kovu lake ninalo mpaka leo. Mwenye duka alitaka tumlipe taa iliyovunjika kabla hata hajauliza kama tumeumia. Basi linafika karibu kote unakotaka kwenda, na pasipofika basi kuna teksi.

14. Mfuga Nyuki wa Sikonge

Naomba kuuliza kuhusu kitu kingine cha Malia ambacho nimekitazama pichani kwa miaka mingi. Kaskazini mwa kasri, karibu na bahari, kuna eneo la makaburi liitwalo Chrysolakkos, maana yake shimo la dhahabu, kwa sababu wakulima walikuwa wakiokota dhahabu humo. Mwaka 1930 palipatikana kidani cha dhahabu, kazi ya miaka ya 1800 hadi 1700 KK hivi, ambacho hakizidi sentimita 5 kwa upana. Wadudu wawili wametazamana wakiwa wameshikilia kitu cha duara kilichojaa chembe ndogo ndogo, na chini yao zinaning'inia sahani tatu. Kila mahali huandikwa kwamba hao ni nyuki wawili na sega la asali.

Mimi nina mizinga zaidi ya mia moja katika misitu ya miombo, na nasema hao si nyuki. Nyuki ana tumbo nene na manyoya, na kiuno chake hakionekani kwa urahisi. Hao wa Malia wana miili mirefu iliyopinda kama mundu na kuishia na ncha, na pingili zimechorwa wazi. Huyo ni nyigu. Tena nyuki habebi tone la asali kwa miguu ya mbele. Asali huibeba tumboni, akifika mzingani humpa mwenzake mdomo kwa mdomo. Sonara aliyejua kuunganisha chembe za dhahabu ndogo kuliko mtama asingeshindwa kumtazama nyuki.

15. Binti wa Pangani

Mfuga Nyuki, hujakosea peke yako, kwani wapo wataalamu wa wadudu waliosema hao ni nyigu. Lakini kumbuka kwamba sonara si mpiga picha. Kidani kinavaliwa shingoni na kinahitaji mpindo wa kupendeza. Mafundi wetu wa kuchonga milango ya Pwani huchonga maua ambayo hayaoti popote, na hakuna anayewaambia hawajui ua.

16. Mfuga Nyuki wa Sikonge

Nimekuelewa, ila mpindo wa kupendeza hauongezi kiuno. Mleta mada akifika Makumbusho ya Akiolojia ya Heraklion, ambako kidani chenyewe kimehifadhiwa, namwomba akitazame kwa makini, hasa pale tumbo linapoungana na kifua.

17. Mwalimu Mstaafu, Songea

Akiwa humo asipite bila kuona shoka la jiwe lililochongwa umbo la chui, nalo limetoka Malia. Chui si mnyama wa Krete. Yaliyoletwa yalikuwa ngozi, au sanamu, au masimulizi ya mabaharia, na kila moja kati ya hayo limepata wa kulitetea. Kuna pia upanga ambao kitako cha mpini wake kilifunikwa kwa bamba la dhahabu lenye picha ya mwanasarakasi aliyejikunja kinyumenyume mpaka nyayo zake zikagusa kichwa.

Na wewe unayeishi Leicester una lingine la karibu. British Museum mjini London kuna hazina ya dhahabu ya Aegina, iliyonunuliwa na jumba hilo mwaka 1892. Kwa kuwa kazi yake inafanana sana na ya kidani cha nyuki, wako waliodai kwamba iliibwa Chrysolakkos na kusingiziwa kisiwa cha Aegina ili chimbuko lake lisijulikane. Wengine wanashikilia kwamba Aegina yenyewe ilikuwa na wakuu wa kutosha kuvaa vitu vile.

18. Mariamu wa Riruta

Mimi ni Mwothodoksi. Makanisa yetu ya Kenya, Uganda na Tanzania yako chini ya Patriaki wa Aleksandria, kwa hiyo nilipofika Krete niliingia ibadani bila kujihisi mgeni, ingawa lugha ilinipita. Dada, ukiwa Heraklion pitia kanisa la Mtakatifu Tito. Huyo ni Tito yuleyule ambaye Paulo alimwacha Krete ayatengeneze yaliyopunguka, na fuvu lake limo humo. Lilikuwa Venice kwa karne nyingi, likarudishwa mwaka 1966. Chukua mtandio wa kufunika mabega. Hata Malia kwenyewe, mbele ya ufuko, kuna kisiwa kidogo chenye kanisa jeupe dogo mno ambalo vijana wanaolala mchana mzima hawalioni, wakati limesimama mbele ya macho yao.

19. Kipepeo wa Mbezi

Nadhani Kanisa la Krete liko chini ya Kanisa la Ugiriki huko Athens, au siyo?

20. Mariamu wa Riruta

Siyo. Lina utawala wake wa ndani, na liko chini ya Patriaki wa Konstantinopoli.

21. Mzee wa Azimio, Dodoma

Hakuna aliyegusa hili, na kwa Mtanzania wa umri wangu ndilo la kwanza. Juu ya Malia na Stalida, barabara inayopanda milimani hupita kijiji cha Mochos. Hapo ndipo Olof Palme, Waziri Mkuu wa Sweden, alipokuwa na nyumba ya kupumzikia majira ya kiangazi. Vijana wengi hawamjui. Huyu alisimama na Mwalimu Nyerere katika suala la ukombozi wa Kusini mwa Afrika wakati baadhi ya nchi za Magharibi zilikuwa zikiuza silaha kwa Makaburu, na aliuawa kwa risasi mjini Stockholm tarehe 28 Februari 1986, akitembea kwa miguu na mke wake kutoka sinema, bila mlinzi. Siku habari zilipotangazwa redioni nilikuwa kazini, na tuliacha kazi. Ukipita Mochos, binti yangu, simama dakika moja kwa niaba yetu.

22. Mlezi wa Leicester

Shikamooni wakubwa wote. Nimekwenda na nimerudi, na sina budi kuifuta dhana niliyoiandika mwanzo.

Usiku wa kwanza nilisikia kila wimbo uliopigwa barabarani mpaka saa kumi alfajiri. Saa mbili asubuhi nilipotoka, barabara ileile ilikuwa kimya, mzee mmoja anafagia vipande vya glasi kwa ufagio wa miti, na paka watatu wanamfuata. Nilivuka barabara kuu kuelekea kusini, nikaingia kijiji cha zamani, ambacho wenzangu hawakujua kama kipo. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Bibi aliyekuwa anamwagilia maua kwenye madebe ya mafuta ya zeituni aliniita kwa mkono, akanikalisha, akaniletea kijiko kimoja cha machungwa yaliyopikwa kwa sukari na glasi ya maji baridi. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilimwonyesha picha ya mama yangu, naye akanionyesha ya mwanawe aliye Australia.

Mkulima wa Muleba, ndizi nimezila. Ni fupi, ganda lake ni jembamba, na utamu wake una uchachu kidogo unaokuja mwishoni. Kisukari bado inaongoza, lakini si kwa mbali.

Kasrini nilifika lango likiwa limefunguliwa muda mfupi tu. Katika vyumba vilivyoezekwa kuna tofali za udongo ambazo moto ulizichoma zikawa nyekundu, na nilipoziona ndipo nilipoelewa maana ya neno likateketea. Halafu jiwe. Ndugu Kete, nilikaa karibu nalo kwa zaidi ya nusu saa. Mara ya kwanza nilihesabu 33, mara ya pili 34, kwa sababu kile kikubwa nilikiruka nikidhani si miongoni mwao. Vishimo hivyo ni vidogo, mdomo wa kila kimoja ni kama wa kikombe cha kahawa ya mtaani, tena kina chake ni kifupi. Kingo zake zimelainika kama za kinu cha zamani. Viwili vilikuwa na maji ya umande, na sisimizi wanayazunguka.

Mfuga Nyuki, kidani nimekitazama mpaka mlinzi akanikaribia. Ni kidogo kuliko nilivyofikiri, kinaweza kulala kwenye vidole vyangu viwili. Kiuno kipo, ni chembamba. Lakini yule niliyekwenda naye, ambaye baba yake anafuga nyuki Poland, alisema papo hapo kwamba ni nyuki wanaolishana, na hakutaka kusikia la nyigu.

Siku ya tano tuligawana teksi watatu kwenda uwanda wa Lasithi, ulio kimo cha mita 840 hivi, umezungukwa na milima pande zote kama bakuli. Njiani tulisimama Krasi kwenye mti wa platano ambao wenyeji wanauhesabia zaidi ya miaka 2,000. Tulishikana mikono watatu tukiukumbatia, na hatukufika hata nusu ya shina lake. Uwandani palikuwa na maelfu ya vinu vya upepo vilivyovuta maji ya kumwagilia viazi na matofaa, kila kimoja na matanga meupe ya kitambaa. Siku hizi pampu za injini zimeshika kazi hiyo, na vingi vimebaki nguzo za chuma zinazolia upepo ukipita. Vichache bado vinavalishwa matanga, na kimoja kilipoanza kuzunguka nililikumbuka tanga la jahazi linapoinuliwa Malindi ya Unguja. Katika pango la Psychro, ambalo wanasema Zeus alizaliwa humo, nilishuka ngazi nyingi zenye utelezi mpaka kwenye dimbwi la chini. Sikukaa sana, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno.

Mzee wangu wa Dodoma, Mochos nimesimama. Uwanja wa kijiji umejaa meza za migahawa chini ya miti. Nilipotaja jina la Palme, mhudumu aliacha sinia mezani, akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye nyumba ya Palme. Nilikaa zaidi ya dakika moja.

23. Mzee wa Azimio, Dodoma

Ahsante, binti yangu. Mungu akubariki.

24. Mfuga Nyuki wa Sikonge

Huyo Mpoland atueleze ni nyuki gani wanaolishana wakiwa wamekunja matumbo mpaka ncha zikakutana chini. Nyuki wakilishana husimama sawasawa. Sijashawishika, lakini nashukuru kwa macho uliyotuazima.

25. Binti wa Pangani

Kwa pango la Zeus, ifahamike kwamba Psychro si dai pekee. Wengi wanalitaja pango la mlima Ida, magharibi zaidi, na wako wanaopatanisha kwa kusema alizaliwa huku akalelewa kule. Simulizi hiyo pia inasema alilishwa maziwa ya mbuzi na asali, ndiyo maana siwaachi nyuki wangu wa dhahabu upesi.

26. Karani wa Ghala

Vishimo vya ukubwa wa kikombe cha kahawa na kina kifupi! Hapo hata limbuko la Mwalimu linakuwa punje chache tu, lakini kokoto za hesabu zinakaa vizuri kabisa.

27. Kete Sitini na Nne

Karani, kokoto zikikaa, kete nazo zinakaa. Ila nakiri kwamba kina kifupi kimenisumbua, kwa kuwa katika mchezo wa kusambaza, shimo moja huweza kukusanya kete zaidi ya kumi, nazo zingemwagika. Labda ulikuwa mchezo wa kusogeza kete moja kwa kila mchezaji, akianzia na kumalizia kwenye lile shimo kubwa, na hapo shimo kubwa moja linatosha, Mwalimu.

28. Fundi Bomba wa Ilala

Na umande uliokaa humo je? Vishimo vinavyoshika maji vinaweza pia kushika mafuta. Weka utambi 34 usiku, uone ua mzima unavyong'aa.

29. Mwalimu Mstaafu, Songea

Taa zingeacha masizi, na jiwe lingekuwa na alama za kuungua. Dada, uliona weusi wowote? Halafu kuna walioliita kalenda, nami sikuwataja kwa sababu 34 hailingani na siku za mwezi mwandamo wala za mwezi wa jua. Lakini kama hoja yao ingekuwa ni mwelekeo, si idadi, ningependa kujua lile shimo kubwa linatazama upande gani.

30. Mlezi wa Leicester

Weusi sikuuona, ingawa jiwe limekaa nje kwa muda mrefu tangu lifukuliwe, na mvua imelipiga. Mwelekeo sikuupima. Nina picha moja, na humo kivuli changu kimefunika nusu ya jiwe.

31. Mzaliwa wa Nakuru

Mimi naishi Rotterdam, na nina likizo katikati ya Oktoba, kabla hoteli za huko hazijafungwa kwa majira ya baridi. Nimetazama ndege za Heraklion, bei inalipika. Nitakwenda na dira na futi kamba. Kila mmoja aandike hapa anachotaka kipimwe.

32. Kete Sitini na Nne

Kina cha kila kishimo, tafadhali, vyote 34, ukianzia na kile kikubwa na kuzunguka kuelekea kulia.